Baba mdogo anataka bunduki ya bei chee

Wadau mnisamehe, nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi. Nilikuwa nyumbani Mugumu, wilaya ya Serengeti, na ukifika kwetu wakati mahindi yanakomaa huwezi kukaa ukaandika. Unapewa fimbo, unaambiwa nenda shamba ukafukuze nyani.

Wale mliozaliwa Dar mnaweza kucheka. Shamba la baba mdogo liko upande wa kuelekea Pori la Akiba la Ikorongo. Asubuhi, umande haujakauka, nyani wanashuka kwenye miamba familia nzima. Dume linavunja bua, linang'ata hindi mara mbili, linatupa, linavunja jingine. Laiti lingekula likashiba! Ukichelewa kidogo, unakuta mistari miwili mitatu imelala chini kama imepitiwa na trekta. Na nyani ana akili. Wanawake na watoto hawaogopi, mwanaume anamkimbia kidogo, halafu anakaa juu ya jiwe kukusubiri uende kunywa uji.

Kilichoniuma zaidi ni binti wa baba mdogo. Yuko darasa la sita, na wiki ile alikosa shule siku nne kwa sababu ilikuwa zamu yake ya kulinda. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Siku ya tatu jioni baba mdogo akaniita pembeni. "Mwanangu, wewe unaishi mjini, unafahamiana na wakubwa. Hebu niangalizie bunduki ya bei chee. Siyo ya kupigana. Ya nyani tu."

Nikasema sawa baba, nitauliza. Nimeuliza, na majibu niliyopata ndiyo yamenifanya niandike leo. Mjini pia ninao rafiki wawili watatu wanaotamani bunduki ya kulengea shabaha mwisho wa wiki, kwa hiyo na wao wasome.

Tuanze na ile ambayo kijijini wote wanaijua, gobore. Hiyo ndiyo bei chee yenyewe. Fundi anatafuta bomba la chuma, anachonga kitako cha mti, unashindilia baruti na vipande vya nondo kwa mbele, basi. Ukikosa nyani kwa mlio wa kwanza, mpaka ushindilie tena yeye ameshavuka kilima. Na bomba lile halikutengenezwa kuhimili mlipuko. Binamu yangu mmoja ana vidole vitatu mkono wa kushoto, vingine viwili vilibaki shambani. Juu ya hapo gobore la kienyeji lisilo na leseni ni kosa la jinai. Wanaokumbuka Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 wanajua msako wa silaha unavyoweza kugeuka. Wananchi waliumizwa na wengine kuuawa, mpaka Bunge likachachamaa na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao Desemba mwaka huo huo. Gobore ni rahisi siku ya kununua tu.

Nikamwendea mzee mmoja wa ukoo wetu, mstaafu wa jeshi. Kwetu Mara hukosi mstaafu wa jeshi kila kona. Akanipa darasa.

Kwa mtu anayetaka kulenga shabaha kwa gharama ndogo, alisema, chukua bunduki ya risasi ndogo ya .22, ile unayoikoki kwa mkono kila baada ya kupiga. Haina mambo mengi ya kuharibika, haipigi bega, na risasi zake ni za bei ya chini kuliko nyingine zote. Ndiyo hiyo wanayotumia kwenye Olimpiki kulenga mita 50, ambako kiini cha shabaha kina upana wa milimita 10.4, mdogo kuliko kifungo cha shati. Usihangaike na mpya. Iliyotumika ikatunzwa vizuri inaweza kumzika mwenye nayo. Tazama ndani ya mtutu kama kuna kutu, koki mara kumi uone kama inakwama, na kabla ya yote uliza kama risasi zake zinapatikana nchini. Bunduki isiyo na risasi ni fimbo ya gharama.

Nikafurahi. Nikamwuliza, sasa kwa nyani? Akatikisa kichwa.

Dume la nyani lina uzito wa kilo 25, mengine hupita 30. Risasi ya .22 ina gramu mbili na nusu tu. Kwa panya buku au sungura inatosha, kwa nyani utamjeruhi akafie porini baada ya siku tatu, na hayo ni mateso ya bure. Ukipanda kwenye .223, inayokwenda mwendo wa karibu mara tatu ya sauti, nyani atakufa papo hapo. Lakini ukimkosa, risasi ile inasafiri kilomita kadhaa, na nyuma ya nyani wa kwetu kuna mlima, na nyuma ya mlima kuna mji wa mtu. Hata ile ndogo ya .22 inafika zaidi ya kilomita moja. Aliona afadhali shotigani, kwa sababu marisau hayaendi mbali, na mara nyingi mlio wake unatosha kulihamisha kundi kwa siku kadhaa.

Nilipokuwa JKT Rwamkoma baada ya kidato cha sita nililenga shabaha, na risasi zangu nyingi zilikwenda kwa Mungu. Pale renji nyuma ya shabaha kuna tuta la udongo. Shambani kwa baba mdogo nyuma ya shabaha kuna shule ya msingi. Nililipata somo hilo nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha mzee, miaka kadhaa baada ya JKT.

Halafu kuna sheria. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 huendi dukani ukachagua bunduki kama simu. Maombi yanaanzia kijijini na kwenye kata, yanapita kwa kamati za usalama, yanafika polisi, na unatakiwa uoneshe kwamba unajua kuitumia na una mahali salama pa kuifungia. Hapo jumlisha ada, sanduku la chuma, risasi na nauli za kwenda na kurudi wilayani. Na ukishaipata, nyani bado si wako. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 wanyama ni mali ya umma. Unaruhusiwa kutetea uhai wako na mali yako, lakini kuwinda bila kibali ni kosa, na ukiua kwa kujitetea unatakiwa kutoa taarifa. Tembo ndiyo usimfikirie kabisa. Ukimpiga kwa silaha ndogo umejichimbia kaburi.

Serikali inacho kitu kinaitwa kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, mwisho ekari tano, kwa shamba lililoharibiwa na wanyama wakali. Zaidi ya shamba kuwa karibu na hifadhi, ndivyo kiwango kilivyopungua. Baba mdogo anasema kwa nyani hajawahi kuona hata mia.

Sasa nije kwenye lile linalonitia hofu kuliko yote. Bunduki kwa watu wa Tarime na Serengeti si kitu kigeni. Mtafiti Michael Fleisher, aliyeishi na Wakurya na kuandika kitabu kuhusu wizi wa mifugo kilichotoka mwaka 2000, alieleza jinsi vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilivyoleta silaha za kivita mikononi mwa watu, na wizi uliokuwa wa mikuki na mishale ukageuka kuwa biashara ya risasi. Tukaja kuona mapigano ya koo kule Tarime, na hata polisi wakaipa Tarime na Rorya mkoa wao wa kipolisi. Katika nchi ya namna hiyo, mwenye bunduki halali ndani ya nyumba ya udongo analala vipi? Wezi wa ng'ombe wakijua ipo, watakuja kuifuata hiyo kwanza. Na shemeji akija usiku kuiazima "mara moja tu", utamnyima? Wote tunajua jibu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua wapo watakaonibishia. Kwa mtu mmoja mmoja kwetu, bunduki ya bei nafuu haipo. Ipo kwa kijiji. Tunao tayari askari wa wanyamapori wa vijiji, kwa mfano wale wa Jumuiya ya Ikona inayounganisha vijiji vitano vya Serengeti. Kila kijiji kinachopakana na hifadhi kiwe na shotigani moja au mbili zenye leseni, zitunzwe kwenye kituo cha polisi au cha askari wa wanyamapori, zitoke kwa daftari na zirudi kwa daftari, risasi zikihesabiwa moja moja. Wanaozibeba wafundishwe kulenga, wapimwe kila mwaka, na asiyefaulu akae pembeni. Gharama inayomshinda baba mdogo peke yake haiwezi kukishinda kijiji kikisaidiwa na halmashauri, ambayo haiachi kutusifia fedha za utalii.

Mtaniambia bunduki ya kijiji nayo itakodishwa kwa wezi. Hofu hiyo ni ya kweli. Jirani zetu Kenya waliwapa raia wa akiba bunduki za serikali walinde mifugo, na mwaka 2019 serikali ikalazimika kuzirudisha na kuwachuja upya waliokuwa nazo. Funzo nililolipata hapo ni kwamba silaha ikitoka bila daftari imepotea. Ndiyo maana nasema shotigani na siyo bunduki ya kivita, na ndiyo maana nasema isilale nyumbani kwa mtu.

Na nyani hawataisha kwa bunduki. Kulinda kutabaki palepale, ila kulinda kwa zamu za watu wazima wanaolipwa japo kidogo, siyo kwa watoto wa darasa la sita.

Nilimpigia baba mdogo nikamweleza yote haya. Alinisikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akacheka. "Kwa hiyo umesoma chuo kikuu uje uniambie nisubiri kijiji? Haya, nasubiri. Ila nyani hawasubiri."

Sikuwa na jibu. Nikamwomba kitu kimoja tu, Jumatatu yule binti aende shule, na aliyekaa bure amshikie zamu. Akasema ataangalia.

Kazi kwenu, wenyeviti wa vijiji na madiwani. Mahindi ya msimu ujao yatapandwa mtake msitake.