Fasili Ije Mwisho: Maoni Juu ya Ufundishaji wa Saikolojia na Njia za Utafiti

Miongoni mwa masomo yanayowatia hofu wanachuo wa ualimu mtihani unapokaribia ni saikolojia ya elimu pamoja na njia za utafiti. Hofu hiyo haitokani na ugumu wa masomo yenyewe. Inatokana na desturi ya kuyafundisha kama orodha ya fasili na majina ya wataalamu. Mwanachuo hukesha akikariri kwamba Skinner alisema hili na Piaget alisema lile. Kisha katika chumba cha mtihani hukuta swali linalomtaka aeleze tabia ya mtoto fulani darasani, akakosa pa kuanzia. Sisi tunashikilia kwamba utaratibu umegeuzwa. Mfano ungetangulia, na fasili ingekuja mwisho.

Tuchukue dhana inayowachanganya wengi, yaani kiimarisho hasi. Kwa kuliona neno "hasi", wanachuo wengi huandika kwamba ni adhabu. Mkufunzi na aweke fasili kando kwanza, awape visa viwili. Katika kisa cha kwanza, mwanafunzi aliyechelewa anaongezewa kazi ya kufagia uwanja ili asichelewe tena. Katika kisa cha pili, wanafunzi wote wana zamu ya kufagia, ila anayemaliza hesabu zake kwa usahihi husamehewa zamu hiyo. Kisha awaulize: Ni tabia gani inayokusudiwa kupungua, na ipi kuongezeka? Ni kitu gani kimeongezwa, na kipi kimeondolewa? Wakijibu maswali hayo watatambua wenyewe kwamba katika kisa cha pili jambo lisilopendeza limeondolewa ili tabia njema izidi. Hasi ni kule kuondoa, wala si ubaya. Hapo ndipo fasili iandikwe ubaoni, nayo haitasahaulika upesi.

Hali ni hiyo hiyo katika njia za utafiti. Mwanachuo aliyeuelewa utafiti mmoja barabara amefaidika kuliko aliyekariri majina ya tafiti kumi. Tunao mfano wa kufaa kutoka humu nchini. Mwaka 2002 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walichapisha taarifa ya utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule za vijijini karibu na Bagamoyo. Watoto walipewa mazoezi ya kufikiri, kama vile kupanga vitu kwa makundi na kubaini jambo lililofichwa kwa kuuliza maswali yasiyozidi ishirini. Kundi moja lilifundishwa kwa muda mfupi, usiofika saa moja, mbinu za kuyafanya mazoezi hayo. Kundi lingine halikufundishwa. Kisha wote walipimwa tena. Waliofundishwa walipanda zaidi kuliko wenzao.

Hapa istilahi zote zinajieleza. Kufundishwa au kutofundishwa ni kigeu huru. Badiliko la alama ni kigeu tegemezi. Wasiofundishwa ni kundi la kulinganishia. Kama kundi hilo lisingekuwapo, mtu angeweza kudai kwamba watoto walipanda kwa sababu tu walikwisha kuyaona maswali mara ya kwanza. Tena tunajifunza jambo kubwa la kazi yetu: kipimo cha mara moja huweza kuonyesha yale ambayo mtoto amekwisha kukutana nayo, kisionyeshe yale anayoweza kujifunza.

Hata hivyo si kila ulinganishi ni jaribio. Mwaka 1985 na 1986 Liisa Malkki aliishi miongoni mwa wakimbizi kutoka Burundi, akiwasikiliza wale wa makazi ya Mishamo, wilayani Mpanda, na wale wa mjini Kigoma. Katika kitabu chake cha mwaka 1995 alieleza kwamba watu wa Mishamo walijiona taifa moja lililo uhamishoni na kuisimulia historia yao kwa mkazo, ilhali wale wa mjini walichanganyika na wenyeji wala hawakushikilia utambulisho mmoja. Je, tuseme kwamba ni makazi yaliyowafanya wawe hivyo? Mwanachuo makini atasita, kwa kuwa mtafiti hakuwagawa watu nani aende makazini na nani abaki mjini. Huenda waliokwenda mjini walitofautiana na wenzao tangu awali.

Jambo hili lina uzito kwa mwalimu atakayepangiwa Katumba, mkoani Katavi. Kama Mishamo, makazi ya Katumba yalianzishwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Na kuanzia mwaka 2010 watu zaidi ya 150,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Katika nyumba nyingi huko mtoto huanza kusema Kirundi kabla ya Kiswahili. Anapoulizwa hesabu kwa Kiswahili akanyamaza, mwalimu aliyekariri fasili za uelewa mdogo humwandika kuwa mzito, na jina hilo huweza kumfuata mtoto miaka yote ya shule. Mwalimu aliyeelewa hujiuliza: Nimepima akili au nimepima lugha? Humpa hesabu ile ile kwa vijiti, au humwomba mwenzake amweleze kwa Kirundi, kisha hulinganisha. Amebadilisha jambo moja tu, mengine akayaacha yalivyo. Mtoto akikwama hata hapo, mwalimu huendelea kutafuta, labda katika masikio, macho au njaa.

Wako watakaosema kwamba muda ni mfupi, na mtihani huuliza fasili. Ni kweli huuliza. Lakini aliyekariri akisahau neno moja hupoteza yote, na mwenye kisa kichwani huweza kuijenga fasili upya kwa maneno yake. Tunawashauri wanachuo wawe na daftari lenye safu tatu: ya kwanza dhana, ya pili kisa cha darasani, na ya tatu kisa kinachofanana nacho lakini sicho. Kwa kila utafiti waandike nani alilinganishwa na nani, nini kilibadilishwa, nini kilipimwa, na ni sababu gani nyingine ingeweza kuleta matokeo yale yale.

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mtihani hupita kwa siku moja. Mtoto aliyenyamaza atakuwapo darasani kesho yake, akimngoja mwalimu anayejua kuuliza kabla ya kuhukumu.