Akiba ya Maji Huoza



Ndugu wasomaji, akina mama wanaoleta watoto wenye kuharisha hospitalini hutuuliza mara nyingi swali hili: "Nesi, mbona maji tunachemsha kila siku? Huu ugonjwa unatoka wapi?" Ni swali la haki, na anayeuliza hasemi uongo. Maji kweli alichemsha. Lakini ukimwuliza baada ya kuchemsha aliyaweka wapi, na watu wa nyumbani huyachotaje, hapo ndipo jibu linapoanza kuonekana.

Mwezi huu basi tuzungumze juu ya maji yanayokaa. Nina maana ya maji yaliyomo katika simtanki, pipa, ndoo, dumu na mtungi, tangu siku yalipotoka bombani hadi siku yatakapotoka tena. Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wakisema juu ya fedha na nafaka. Akiba ya maji huoza, na huoza kimya kimya, maana maji mabaya yanaweza kuonekana meupe kabisa.

MAONI YANGU

Katika nyumba zetu za Gerezani na Kariakoo tunahangaika sana kupata maji, lakini tukishayapata hatuhangaiki kuyatunza. Mama ataamka saa tisa za usiku kukinga, baba atalipa mkokoteni wa madumu, mwenye nyumba atanunua simtanki kubwa la lita elfu kadhaa. Baada ya hapo, muulize yeyote katika nyumba hiyo: tangi hili lilioshwa lini? Mpangaji wa mbele atasema mwenye nyumba anajua. Mwenye nyumba, ambaye pengine anaishi Tabata au Mbagala, atasema wanaotumia maji ni wapangaji. Tangi ni la wote, kwa hiyo halina mwenyewe.

Nasema wazi kwamba hapa tusiilaumu mamlaka ya maji peke yake. Maji yanaweza kufika bombani yakiwa salama tukayaharibu wenyewe uani.

KWA NINI TUNAWEKA AKIBA

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji letu hutoka mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Mto ukipungua, jiji zima linasikia. Tunakumbuka mwaka 2022, mvua zilipokosekana na maji yakatolewa kwa mgao. Hata pasipo ukame, bomba hupasuka, umeme hukatika, au ghorofa huwa refu kuliko nguvu ya maji. Kwa hiyo kuweka akiba ni busara, wala sisemi tuache. Hata kule Kana, palipokuwa na arusi, palikuwa na mitungi sita ya mawe ya kuwekea maji. Nyumba yenye watu lazima iwe na akiba.

Jambo moja la kukumbuka ni hili. Bomba likikaa bila maji, nguvu iliyomo ndani yake huisha, na uchafu ulioko nje unaweza kuingia kupitia penye ufa. Kwa sababu hiyo maji ya kwanza baada ya mgao yasiingie katika chombo cha kunywea. Yakinge pembeni kwa kudekia au kumwagia chooni, na chombo cha kunywea kijazwe maji yakishakuwa safi.

MAJI HUHARIBIKAJE

Kwanza, dawa huisha. Klorini inayotiwa mtamboni huua vijidudu, na kidogo hubaki kuyalinda maji njiani. Lakini hupungua kadiri siku zinavyopita. Joto, jua na uchafu huimaliza haraka. Simtanki jeusi lililo juu ya bati la Dar es Salaam hupata joto jingi.

Pili, kuta za chombo huota utando. Pitisha kidole ndani ya pipa lililokaa muda mrefu, utausikia utelezi. Ndani ya utando huo vijidudu hujificha, na hata dawa hupata shida kuvifikia. Ndiyo maana kumwaga maji ya zamani na kutia mapya hakutoshi. Maji mapya yanaingia katika nyumba ileile chafu. Utando huondoka kwa kusuguliwa tu.

Tatu, mkono huingia. Hili ndilo jibu la swali la akina mama. Kuchemsha huua vijidudu vilivyomo wakati ule, lakini hakuachi ulinzi wowote kwa ajili ya kesho. Maji yaliyochemshwa yakiwekwa katika ndoo pana, kisha mtoto aliyetoka chooni akachovya kikombe pamoja na vidole vyake, yamerudi kuwa mabaya. Mwaka 1993 jambo hili lilipimwa kwa wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa katika kambi ya Nyamithuthu, Malawi. Baadhi ya familia zilipewa ndoo zenye mfuniko na mdomo wa kumiminia, ambazo mkono hauwezi kuingia. Watoto wao wa chini ya miaka 5 waliharisha pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko watoto wa familia nyingine. Kisima kilikuwa kilekile. Tofauti ilikuwa chombo.

Nne, mbu hutaga. Homa ya dengi, iliyolisumbua jiji letu mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huenezwa na mbu anayeuma mchana na anayependa maji yaliyotulia katika mapipa na makopo ya nyumbani. Mayai yake hunata ukutani mwa chombo, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Tangu yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10. Ukiona viluwiluwi ndani ya pipa, unafuga ugonjwa. Hapa tena dawa ni kusugua, na kufunika pasibaki nafasi.

Na tusisahau kipindupindu. Mwaka 1884 daktari Robert Koch, Mjerumani, alikikuta kijidudu chake katika bwawa la maji ambalo watu wa Calcutta, India, walikuwa wakilitumia kwa kunywa, kuoga na kufulia. Hapa kwetu mlipuko wa mwaka 2015 ulianzia Dar es Salaam mwezi wa Agosti, ukaenea hadi mikoa mingi ya nchi. Kipindupindu kikali kinaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu zake katika muda wa saa chache tu. Tangi moja la nyumba yenye vyumba kumi likiingia kijidudu hicho, hakichagui nani amelipa kodi na nani hajalipa. Mchuma janga hula na wa kwao.

NANI AOSHE?

Nasikia hoja mbili. Ya kwanza: "Maji tunanunua, wewe unasema tuyamwage?" Simwambii mtu amwage. Panga siku ya kuosha iwe siku moja kabla ya maji kutoka, tangi likiwa limebaki na maji kidogo. Maji hayo ya chini yatumike kudeki, kufua madekio na kumwagia chooni. Hakuna hasara.

Hoja ya pili: "Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba." Nusu ni kweli. Mwenye nyumba anapokea kodi, basi awajibike kwa tangi lenyewe: mfuniko usiopasuka, koki isiyovuja, wavu kwenye bomba la kutolea maji yanayofurika, na gharama ya kuosha tangi kubwa walau kila baada ya miezi 3 hadi 6. Tangi la chini ya ardhi liwe na mdomo ulioinuka juu ya usawa wa ua, maana wakati wa masika chemba za mitaa yetu hufurika, na maji yake hutafuta pa kuingia. Wapangaji nao wawajibike kwa matumizi: kufunika, kutochovya ndoo yenye tope, na kushika zamu. Na zamu isiwe ya wanawake peke yao. Vijana wa kiume wanaokunywa maji hayo wana mikono.

Andikeni tarehe ya kuosha ubavuni mwa tangi kwa rangi au chaki. Tarehe ikionekana na kila mtu, hakuna atakayesema hakujua.

JINSI YA KUOSHA

(1) Toa maji yote na tope la chini.
(2) Sugua kuta zote, chini na mfuniko kwa brashi na sabuni. Suuza.
(3) Chukua ndoo ya maji ya lita 20, tia nusu kikombe cha chai (kama mililita 120) cha Jik isiyo na manukato, iliyoandikwa asilimia 3.5. Pakaza ndani kote, acha nusu saa, kisha suuza na kumwaga. Vaa glovu, au mfuko wa plastiki mikononi.
(4) Usichanganye kamwe Jik na dawa ya choo au asidi. Hutoa hewa ya sumu.
(5) Tangi la chini ya ardhi asiingie mtu peke yake, wala mtoto asiingizwe kwa kuwa ni mwembamba. Humo hewa inaweza kuwa haba, na mtu akazimia kabla ya kupiga kelele. Likiwa refu, mwite fundi mwenye vifaa.

Mapipa na ndoo za nyumbani zisuguliwe kila wiki. Chagueni siku, kwa mfano Jumamosi, ili Jumapili iwakute na maji mema.

MAJI YA KUNYWA

Maji ya tangi, hata likioshwa, yatumike kuoga na kufua. Ya kunywa yatengwe na kutibiwa. Yakiwa na vumbi, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Yachemshe hadi yatokote sawasawa, au tia dawa ya klorini ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, kisha subiri dakika 30. Wapo wanaolalamikia harufu ya klorini. Harufu hafifu ni dalili kwamba mlinzi bado yuko zamu.

Yaweke katika dumu lenye mdomo mwembamba, au ndoo yenye mfuniko na koki chini. Kama ndoo yako haina koki, mafundi wa Gerezani wanaweza kukutobolea na kukufungia. Mwenye mtungi wa udongo asiutupe, unapoza maji vizuri. Aufunike, na atumie kata yenye mpini mrefu inayotundikwa juu, si kulazwa chini. Msichanganye maji mapya na masalio ya juzi.

Mtoto akiharisha, msisubiri. Mpeni maji ya ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji safi, kidogo kidogo na mara kwa mara. Yakipita saa 24 yamwageni mtengeneze mengine, maana hayo nayo ni maji yanayokaa. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mpelekeni zahanati apimwe na apewe vidonge vya zinki. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, anatoa damu, au choo ni kama maji ya mchele, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, huku mkiendelea kumnywesha njiani akiwa bado anaweza kumeza.

OMBI KWA JUMUIYA

Jumuiya zetu Ndogo Ndogo hukutana kila wiki nyumbani kwa mwanajumuiya. Naomba mwezi huu, sala ikiisha, mwenyekiti aulize maswali matatu: Tangi la nyumba hii liliosuguliwa lini? Mfuniko upo? Zamu ijayo ni ya nani? Majirani zetu Waislamu tunaokaa nao ua mmoja waitwe pia, kwa sababu tangi ni moja na watoto wanacheza pamoja. Akina mama wa WAWATA na vijana wanaweza kuwasaidia wazee wanaoishi peke yao, ambao hawawezi kuinama ndani ya pipa. Hilo ni tendo la huruma kama kumtembelea mgonjwa, tena huenda likamzuia asiugue.

Kumpa mwenye kiu maji ni amri tunayoijua tangu katekisimu. Basi tuhakikishe kwamba yale tunayompa hayatamlaza kitandani.

Mungu awabariki, na awape afya njema.