POINTI SABA ZA MAMA WA IGUNGA: ALIYECHEMSHA NI MUME, SIYO MKE

Gumzo la vijiweni Igunga safari hii siyo mpira wala siasa. Ni karata. Mwalimu mmoja mstaafu (jina kapuni) kamfokea mkewe mbele ya wageni, kisa eti mama kataja shupaza nne akiwa na pointi saba tu. Mama kaweka karata zake mezani taratibu, kaingia ndani, na tangu siku hiyo hajakaa tena kwenye meza ile. Cha kushangaza, wengi wanampa pole mwalimu! Pole ya nini? Aliyechemsha ni yeye.

Kwa wasioujua, mchezo wenyewe ni briji. Mwalimu aliujifunza zamani akiwa masomoni ughaibuni, akamfundisha mkewe, wakawa timu moja miaka na miaka. Wanakaa watu wanne, wawili kwa wawili, kila mtu anagawiwa karata 13. Turufu ipo na kulana kupo kama kwenye karata za kijiweni, ila hapa kuna mnada kabla ya kucheza. Kila mtu kwa zamu yake anataja turufu iwe nini na upande wake utakula mara ngapi. Hesabu inaanzia juu ya sita, kwa hiyo anayesema "shupaza nne" ameahidi kula mara 10 kati ya 13. Akitimiza analipwa. Akipungukiwa analipa.

Sasa tazama alichoshika mama. Shupaza sita: K, J, 10, 8, 6, 4. Uru tano: Q, J, 10, 7, 5. Kopa moja ndogo, pau moja ndogo. Basi. Mpinzani wa kwanza kafungua kwa kopa moja, mwalimu kapita, mpinzani wa pili karuka moja kwa moja hadi kopa nne. Mama hakupepesa macho: "Shupaza nne." Mpinzani kadabo, yaani kaongeza adhabu akiamini mama ataanguka. Na kweli mama kaanguka. Kala mara tisa badala ya 10. Hasara: 100.

Hapo ndipo mwalimu alipolipuka. Pointi saba! Nani kakufundisha kutaja nne kwa pointi saba? Unanitia aibu mbele za watu!

Haya, zihesabiwe hizo pointi. A ni 4, K ni 3, Q ni 2, J ni 1. Karata zote zina pointi 40. Kanuni ya darasani inasema upande unaotaka kula mara 10 uwe na pointi kama 25 au 26. Mama alikuwa na 7, na mumewe, iliyoonekana baadaye, alikuwa na 5. Jumla 12. Kwa kanuni hiyo walipaswa kula mara chache tu na kuabika. Mbona mama kala mara tisa?

Kwa sababu pointi hazihesabu umbo. Kipimo hicho kinafaa zaidi karata zikiwa zimesambaa sawasawa na hakuna turufu. Mwenye karata sita za aina moja na tano za aina nyingine ana nguvu isiyoonekana kwenye pointi. Kopa yake ni moja tu, kwa hiyo A ya kopa ya adui inakula mara moja, ya pili anaikata kwa turufu. Pau hivyo hivyo. K na Q zote za kopa na pau ambazo wapinzani walikuwa wanazichekelea zimegeuka makaratasi. Karata za umbo hilo, sita, tano, moja, moja, hazifiki hata mgao mmoja katika migao 100. Ukizipata halafu ukakaa kimya kwa kuogopa pointi, ulikuja mezani kufanya nini?

Na bado jambo kubwa halijaguswa. Mwalimu kaona 100 iliyotoka. Kwa nini haulizi ni kiasi gani kingetoka kama mama angenyamaza?

Karata zilipofunuliwa ilionekana wazi kwamba wapinzani wakiachiwa kopa nne wanakula mara 11. Zamu ile wao ndio waliokuwa "hatarini", maana yake tuzo zao na adhabu zao zote zinapanda. Wangeondoka na 650. Mama kalipa 100 akazuia 650. Kamwokolea mumewe 550, naye kalipwa matusi!

Watetezi wa mwalimu wanasema mama alibahatisha, kwamba mumewe angekuwa hana kitu hata kidogo kwenye shupaza angeanguka vibaya. Ni kweli, lingeweza kutokea. Lakini upande wao haukuwa hatarini. Kupungukiwa mara mbili baada ya dabo ni 300. Mara tatu ni 500. Hata hiyo ni nafuu kuliko 650. Ilibidi apungukiwe mara nne, alipe 800, ndipo hesabu imgeuke. Huko siyo kubahatisha. Huko ni kupima.

Wala hakuna anayesema kila mwenye pointi saba apayuke. Zile saba zingekuwa zimesambaa nne, tatu, tatu, tatu, kunyamaza ndiyo akili. Upande wake ungekuwa hatarini, angefikiri mara mbili. Na angetaja, akasita, kisha akataja tena, angestahili kusemwa. Yeye katajia pale pale panapotakiwa, mara moja, akanyamaza.

Watu wa mkoa wa Tabora ndio wangekuwa wa kwanza kumwelewa. Hii ni nchi ya misafara. Waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na kuendelea hadi Ujiji walilipa hongo njiani kwa watemi, hasa kule Ugogo: vitambaa, shanga, nyaya. Hakuna mkuu wa msafara aliyefurahia kulipa. Lakini mwenye busara alitoa marobota machache ili mzigo wote upite, na hakurudi kambini kumtukana aliyeshauri hongo itolewe. Hata maneno ya mezani yalikuja kwa safari: turufu, kopa na uru ni Kireno kilichoshukia pwani. Karata ni mali ya wasafiri, na msafiri anajua hasara ndogo inanunua nini.

Mwisho, hata kama mama angekosea kabisa, ndiyo afokewe mbele ya wageni? Mwenza wa mezani ukishamtia hofu, hatataja tena. Atapita, atapita, atapita, hata siku akishika karata za kumaliza mchezo. Utabaki na mtu anayecheza ili usimfokee, siyo ili mshinde. Huo mchezo umeshafungwa hata kabla ya kugawa, na wapo wanandoa wengi wanaoishi hivyo hivyo bila kushika karata hata moja.

Siku hizi mwalimu anakaa barazani na kiti kimoja kitupu, anawapigia simu vijana waje wajaze nafasi. Hawajui hata kuhesabu. Anayejua yuko jikoni, hatua kumi kutoka hapo. Mwalimu hahitaji mchezaji mpya. Anahitaji kuvuka mlango, aseme neno moja ambalo wanaume wengi wa rika lake linawakwama kooni: samahani.

Wadau, nani kakosea hapa?