Pombe ya kienyeji yahitaji daftari, si rungu

Mnamo Septemba 2012, Ikulu ya Marekani ilifanya jambo ambalo lingewaacha machifu wetu wengi vinywa wazi. Ilitangaza hadharani, kwa kila atakaye kusoma, namna ya kutengeneza bia mbili zilizopikwa katika jiko la Ikulu yenyewe na kukolezwa kwa asali iliyorinwa kutoka mzinga uliokuwa katika bustani ya hapo hapo. Kiasi cha kimea, dakika za kuchemsha, kipimo cha asali, vyote viliandikwa pasi na kuficha chochote. Mwenye nyumba wakati huo alikuwa Rais Barack Obama, ambaye asili ya babake ni Kogelo, Siaya.

Hebu tafakari, msomaji. Asali ya nyuki wa Ikulu na asali ya muratina ya Murang'a ni asali tu. Lakini huku kwetu mama anayepika muratina au busaa ili apate karo ya wanawe, asikiapo ngurumo ya gari la polisi humwaga mtungi mzima shimoni akakimbilia shambani mwa mahindi. Kule mapishi hutangazwa. Hapa mapishi hufichwa. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka tuijadili leo, kwa sababu imekwisha kutugharimu roho za watu.

Kabla sijaendelea, niseme wazi kwamba makala haya hayatetei ulevi. Familia zilizovunjwa na chupa ni nyingi mno, na asiyeliona hilo ni kipofu wa kujitakia. Ninachotetea ni maarifa, nayo ni kitu kingine kabisa.

Katika nchi za Magharibi, wanaopika bia nyumbani siku hizi aghalabu hawaanzi na sufuria. Huanza na kompyuta. Zipo programu, kama vile BeerSmith na Brewfather, ambazo kazi yake ni kumsaidia mpishi kubuni bia kabla hajawasha moto. Mpishi huiarifu programu kwamba anataka lita 20. Huingiza kilo za kimea cha shayiri, gramu za maua ya hopsi yatiayo uchungu, dakika atakazoyachemsha na aina ya hamira. Papo hapo hujibiwa kwamba bia yake itakuwa na nguvu kiasi hiki, uchungu kiasi hiki na rangi ya namna hii. Akiongeza kilo moja ya kimea, tarakimu hubadilika mbele ya macho yake. Akikosea, kosa limebaki kiooni. Hajapoteza nafaka wala kuni.

Hapana uganga hapo. Sukari huyafanya maji kuwa mazito, na uzito huo hupimwa kwa haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya kinywaji. Katika maji matupu husoma 1.000. Maji ya kimea yakisoma 1.050 kabla ya kuchacha, na baada ya hamira kula sukari yakashuka hadi 1.010, tofauti ni 0.040. Zidisha kwa 131.25, upate 5.25, yaani takriban asilimia 5.25 ya kileo. Hesabu hii haimshindi mwanafunzi wa shule ya msingi. Programu huifanya kwa haraka, ikaiweka akiba pamoja na tarehe, ili mpishi akifanikiwa aweze kurudia, na akiharibu ajue alipoteleza. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Programu hizi, kwa hakika, ni daftari lililofunzwa kupiga hesabu.

Hata hivyo, programu haizalishi maarifa. Huyapanga tu yale yaliyokwisha kukusanywa. Na yaliyomo humo yamekusanywa kwa muda mrefu. Katika maabara ya kiwanda cha Carlsberg huko Denmark, Emil Christian Hansen alifaulu mwaka wa 1883 kukuza hamira safi ya aina moja. Katika maabara hiyo hiyo, mwaka wa 1909, Søren Sørensen alibuni kipimo cha pH ambacho wana wetu hukariri katika shule za upili pasipo kuambiwa kwamba kilizaliwa na utafiti wa watengenezaji bia. Huko Dublin, William Gosset, mwajiriwa wa Guinness, alichapisha mwaka wa 1908, kwa jina la kupanga la "Student", mbinu ya takwimu inayotumiwa hadi leo na wachunguzi wa dawa na mbegu. Pombe iliyopimwa iliwazalia wenzetu sayansi.

Isitoshe, maarifa hayo yasingemfikia mtu wa kawaida lau sheria haingemfungulia mlango. Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa mpishi wa bia ya nyumbani mwaka wa 1963, Waziri wa Fedha akiwa Reginald Maudling. Marekani ilifuata mwaka wa 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoruhusu nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi kutengeneza galoni 200 za bia kwa mwaka, takriban lita 757, kwa matumizi yao wenyewe na si kwa kuuza. Majimbo mengine yalisitasita. Mississippi na Alabama yalikubali mwaka wa 2013 tu. Na ikumbukwe kwamba sheria hiyo ya 1978 haikugusa pombe ya kukeneka. Waliweka mpaka ulio wazi kati ya kinywaji kilichochacha na kile kilichovukizwa na kutoneshwa. Walipokwisha kuuchora mpaka huo, vitabu vikaandikwa, vyama vikaundwa, na hatimaye programu zikabuniwa.

Je, sisi tulifanya nini? Tangu enzi ya ukoloni, pombe ya Mwafrika ilitazamwa kama kosa linalongojea kuadhibiwa. Uhuru ulipokuja tuliirithi jicho hilo pamoja na rungu lake. Chang'aa ilikuwa na sheria yake mahususi ya kuipiga marufuku, hadi Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile iliyopewa na wananchi jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, ilipoifuta na kumtaka kila mtengenezaji awe na leseni. Dhamira ilikuwa njema. Lakini mama wa kijijini mwenye mitungi miwili atatimiza vipi masharti yaliyoandikwa kwa kumwazia mwenye kiwanda? Akabaki gizani, na gizani hakuna kipimo.

Matokeo tunayajua. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya mabanda ya Nairobi baada ya kunywa pombe yenye sumu. Mei 2014, makumi wengine waliangamia katika kaunti kadhaa. Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru vileo vya bei rahisi viangamizwe, na wabunge wakaongoza vijana kuvunja maghala. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, kaunti ya Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa baada ya kunywa kileo kilichoripotiwa kuwa kilitoka miongoni mwa vizibiti vilivyokuwa mikononi mwa polisi. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza msururu mwingine wa hatua kali. Mkondo ni ule ule: vifo, hasira, msako, kimya, kisha vifo tena.

Ni nini hasa kinachoua? Hapa ndipo ukosefu wa maarifa unapotuumbua. Nafaka inapochacha hutoa methanoli kidogo mno, isiyoweza kumdhuru mnywaji. Methanoli inayopofusha na kuua kwa wingi kiasi hiki ni ile ya viwandani, ambayo mfanyabiashara asiye na utu huichanganya katika kinywaji ili akiongezee ukali kwa gharama ndogo. Mwilini hugeuka kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Kwa maneno mengine, mtungi wa busaa na dumu la kemikali ni vitu viwili mbalimbali. Lakini msako unapoanza, vyote huitwa "pombe haramu" na vyote humwagwa. Mama hupoteza mtaji wake. Mwenye dumu huhamia mtaa wa pili. Lila na fila vimetiwa kapu moja.

Msomaji makini atauliza: programu ya kompyuta itazuiaje sumu hiyo? Jibu la haki ni kwamba haitaizuia. Hakuna programu inayoweza kuonja kilichomo ndani ya kikombe. Kwa hilo tunahitaji maabara, wakaguzi na mahakama zisizonunulika. Lakini kazi ya daftari ni nyingine. Mtengenezaji anayejua kwamba kinywaji chake kina asilimia 4 ya kileo, na anayeweza kuonyesha kilichotiwa, lini na kwa kipimo gani, ni mtu anayeweza kukaguliwa. Anayeweza kukaguliwa anaweza kupewa leseni. Na palipo na wenye leseni wanaojulikana kwa majina, mwuza sumu hana umati wa kujificha ndani yake.

Wala tusidhani kwamba tutaagiza programu za Wazungu na kazi ikaisha. Zimejengwa juu ya shayiri, ngano na hopsi. Zinamruhusu mpishi kuongeza kiungo chake mwenyewe, ila ni sharti aziambie kiungo hicho kinatoa sukari kiasi gani. Nani amempimia mama wa Kakamega kimea chake cha wimbi kwa gorogoro? Tena busaa haikubali hesabu ile niliyoitaja kwa urahisi. Ni nzito kwa chembe za unga, na kimea huendelea kugeuza wanga kuwa sukari hali hamira tayari inaila sukari hiyo. Kipimo cha mwanzo kinadanganya. Mnazi nao huanza kuchacha ungali juu ya mti, katika kibuyu cha mgema, hivyo kipimo cha mwanzo hakipatikani kamwe. Muratina hutegemea hamira zinazokaa katika tunda lililokaushwa la mvungunya, na kila tunda lina tabia yake. Haya si mambo ya aibu. Ni maswali ya kisayansi yenye uzito sawa na yale yaliyomshughulisha Hansen, na majibu yake hayatatoka Copenhagen.

Wanasayansi wa vyuo vikuu vyetu wameyagusa baadhi yake, lakini tasnifu zao hulala katika maktaba kwa Kiingereza kigumu, hali anayezihitaji yuko jikoni. Hapo ndipo ninapopendekeza mambo matatu. Kwanza, sheria itenganishe waziwazi kinywaji kilichochacha na kile kilichokenekwa, na imwekee mtengenezaji mdogo masharti anayoyamudu. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti utoaji wa leseni za vileo. Basi Kilifi na ianze na mnazi wake, na Kakamega na busaa yake. Pili, Shirika la Ukadiriaji wa Ubora wa Bidhaa na vyuo vikuu vishirikiane na vikundi vya akina mama kupima vinywaji hivi, na matokeo yatangazwe kwa umma kama ilivyotangaza Ikulu ya Marekani. Tatu, vijana wetu wanaosifika kwa kubuni programu za simu wabuni moja ya Kiswahili, inayozungumza kwa gorogoro na mtungi badala ya galoni, ili mama aandike alichotia na aambiwe kinachotarajiwa.

Wapo watakaosema kwamba hii ni njia ya kueneza ulevi. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa, hasa na mtu ambaye hakulelewa na mzazi mlevi. Lakini tuwaulize: hizo nyaka nyingi za marufuku zilimzuia nani kunywa? Zilichokizuia ni kipimo. Mnywaji alibaki na kiu yake, akakosa tu kujua anachokunywa. Kikombe ambacho nguvu yake inajulikana kinaweza kutozwa kodi, kuwekewa saa na kunyimwa mtoto. Kikombe cha gizani hakiwekewi chochote.

Wengine watasema mama huyo hana simu ya kisasa. Huenda hana, lakini binti yake anayo, na kitabu cha kurasa 40 pamoja na kalamu havijawahi kuhitaji umeme. Programu ni kilele tu. Msingi ni mazoea ya kupima na kuandika.

Wahenga walituachia onyo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walimjua mgema wao kwa jina, na wakionja walijua amefanya nini. Leo hatumjui aliyepika, wala hatujui alichotia, na alichotia si maji tena. Waliozikwa Kangai hawakuuawa na sifa za mgema. Waliuawa na kikombe ambacho hakuna mtu yeyote, mpishi, mwuzaji wala askari, aliyetakiwa kuandika kilichokuwamo ndani yake.