Umande na Machozi ya Mzazi

Haiku ni shairi fupi la Kijapani, kwa desturi lenye silabi 17. Mara nyingi mshairi hataji huzuni yake. Hutaja umande, nawe ukaiona huzuni.

Mwaka 1819 Kobayashi Issa alifiwa na bintiye mchanga, Sato, kwa ugonjwa wa ndui. Katika shairi lake aliifananisha dunia na umande usiodumu. Kisha akasita, kana kwamba moyo umekataa kufarijika.

Kusita huko kuna funzo. Mzazi aliyefiwa anajua kwamba dunia hupita, hangoji kuambiwa. Basi tuendapo kumhani, tusimharakishe kunyamaza. Tuketi naye. Machozi nayo, mfano wa umande, hukauka kwa wakati wake.