Mtu Mmoja, Majina Kumi: Vijana Wetu na Biashara ya Proksi



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, wazazi na wanafunzi, leo tunataka kusema juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu kimya kimya, na wengi wamelinyamazia kwa sababu linaleta pesa. Ni tabia ya kijana mmoja kufungua akaunti tano, kumi au ishirini kwenye intaneti, kila moja kwa jina la mtu mwingine, kisha akazificha nyuma ya kitu kiitwacho proksi ili isijulikane kwamba wote hao ni yeye. Ukimuuliza anafanya nini usiku kucha atakujibu, "Ni kazi ya mtandaoni, Ustadh." Sisi tunasema wazi: pato linalopatikana kwa njia hiyo ni pato la ghushi, na mzazi anayelipokea bila kuuliza ana sehemu yake ya kujibu.

Tufahamishane kwanza, kwa maana wazazi wengi husikia neno hili bila kujua maana yake. Simu au kompyuta inapoingia kwenye tovuti yoyote huonekana na anwani yake, kama nyumba ilivyo na namba. Akaunti kumi zikitoka kwenye anwani moja, wenye tovuti hushtuka na kuzifunga. Proksi ni kompyuta iliyokaa katikati. Ni kama kumtuma mtoto dukani: mwenye duka anamwona mtoto, hakuoni wewe. Basi mwenye akaunti kumi hununua anwani kumi, moja ikaonekana iko Texas, nyingine London, ilhali yeye yuko chumbani kwake Wandegeya. VPN nayo ni ndugu yake proksi, nayo huficha mahali ulipo.

Hatusemi kwamba chombo chenyewe ni haramu. Shule hutumia proksi kuzuia picha chafu zisiwafikie watoto. Mwenye duka anaweza kuwa na akaunti yake na akaunti ya duka, na hakuna aliyedanganywa. Nasi wa Uganda tulijifunza VPN kwa kusukumwa. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine ya namna hiyo, na wengi wakaikimbilia VPN. Januari 2021 Facebook ikafungwa nchini, na VPN ikawa njia ya kuingilia. Juu ya kukwepa kodi wanazuoni wana maneno yao, na leo hatuingii humo. Tunachosema ni kwamba dada aliyempigia mumewe aliyeko Dubai kwa njia ile alibaki kuwa dada yule yule kwa jina lake. Alificha mlango alioingilia, lakini hakujifanya mtu mwingine.

Hapo ndipo penye mpaka, na mpaka huo tunauona katika sira. Mtume (s.a.w.) alipotoka Makka alijificha katika pango la Thaur, kwa sababu walitaka kumuua. Kujificha na dhara si uongo. Lakini usiku ule ule alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) nyuma azirudishe amana za watu wa Makka, hao hao waliomfukuza. Hakusema, "Wamenidhulumu, basi mali yao ni halali kwangu." Kijana anayetaka kujitetea kwa dhulma aliyofanyiwa na alizingatie hilo.

Tena tukumbushane yaliyotokea hapa kwetu. Tarehe 11 Januari 2021, siku tatu kabla ya uchaguzi, Facebook ilitangaza kwamba imeondoa mtandao wa akaunti ulioungana na kituo kilicho chini ya Wizara ya TEHAMA. Kampuni ilieleza kwamba akaunti za bandia na za kurudufu zilitumika kuendesha kurasa, kujifanya watu wengine, na kusambaza maneno ili yaonekane yana wafuasi wengi kuliko walionao. Serikali ilikasirika na kusema kampuni inapendelea upande mmoja. Kesho yake Rais alitangaza kuifunga Facebook, na tarehe 13 jioni intaneti yote ikazimwa, ikarudi tarehe 18. Nchi nzima ilikaa gizani siku za kupiga kura na kuhesabu.

Wengi wetu siku zile walilaani, wakisema: vipi mtu mmoja ajifanye umma? Ni swali zuri. Basi tunauliza: kama ni aibu mkononi mwa afisa, inakuwaje halali mkononi mwa mwanetu? Afisa aliyejifanya wananchi kumi na kijana anayejifanya Wamarekani kumi wamefanya jambo la aina moja. Kilichotofautiana ni bei.

Tazameni kazi zenyewe. Kampuni inataka maoni ya watu kumi juu ya sabuni au dawa, na kijana wetu anajibu mara kumi kwa majina kumi. Huo ni ushahidi wa uongo, tena mara kumi, na Mtume (s.a.w.) aliuhesabu ushahidi wa uongo pamoja na madhambi makubwa kabisa. Mwingine ananunua akaunti ya kuandikia insha wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo, biashara ambayo Nairobi imejulikana nayo duniani. Hapo uongo ni wa pande mbili: mwandishi si yule aliyetajwa kwenye akaunti, na mwanafunzi si yule aliyeandika. England ilipitisha sheria Aprili 2022 inayofanya kuuza au kutangaza huduma hiyo kuwa kosa. Na sisi, ambao watoto wetu wanatafuta shahada Makerere na Kibuli, tungependa kutibiwa na daktari aliyeandikiwa mitihani yake?

Vijana wana hoja zao, na si haki kuzipita bila kuzijibu.

Wa kwanza husema: "Kampuni hizi zinatubagua. Ukijiandikisha kuwa uko Uganda unakataliwa." Hilo lina ukweli, na linauma. Machi 2024 jukwaa la Remotasks liliacha kufanya kazi Kenya, na watu waliokuwa wakiishi kwa kazi ile wakajikuta nje. Dhulma hiyo ipingwe kwa sauti, na serikali zetu zidai haki za wafanyakazi hawa. Lakini anayejibu kwa kununua jina la Mmarekani hajaivunja dhulma. Ameikubali, kwa sababu amethibitisha kwamba jina lake mwenyewe halina thamani. Na kila akaunti ya bandia inayogunduliwa humtia shaka kijana mwaminifu anayekuja nyuma yake kwa jina lake la kweli.

Wa pili husema: "Hakuna anayeumia." Tunamuuliza: hizo anwani unazonunua ni za nani? Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao ulioitwa 911 S5, na mtu mmoja aliyetuhumiwa kuuendesha alikamatwa. Ulikuwa na anwani zaidi ya milioni 19 duniani. Zilipatikanaje? Watu wa kawaida walipakua programu za VPN za bure, na kompyuta zao zikageuzwa milango ya kupitia wageni bila wao kujua. Wahalifu wakaiba kwa kupitia milango hiyo, na anwani iliyoonekana ikawa ya mtu asiye na habari. Si kila proksi hupatikana hivyo. Lakini mnunuzi wa bei rahisi, asiyeuliza, atajuaje kwamba hajapita uani kwa jirani bila ruhusa?

Hata hapa nyumbani wapo wanaoumia. Akaunti nyingi zinataka namba za simu nyingi, na laini Uganda husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo kijana huchukua kitambulisho cha mama, kisha cha shangazi, kisha cha bibi aliye kijijini Mbale, na kumwambia bibi atazame simu apigwe picha. Bibi anatabasamu, hajui amedhamini nini. Siku laini ile ikitumika kwa utapeli, polisi hawatamtafuta Mmarekani wa Texas. Watamtafuta bibi. Na mwaka 2022 marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yaliongeza kosa la kutumia mitandao ya kijamii kwa jina la uongo.

Wa tatu husema: "Hali ni ngumu." Ni kweli ni ngumu. Kodi ya chumba inajulikana, ada zinajulikana, na wenye shahada wanaendesha boda boda. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni na kukuta unyevu chini yake, hakumuuliza muuzaji kama ana njaa. Alimuuliza kwa nini hakuuweka unyevu juu watu wauone.

Na wakubwa nao wasijitoe. Wapo wanaowaambia vijana wafungue akaunti za bandia ili ukurasa wa msikiti uonekane una wafuasi, au ili kundi lao lishinde mabishano ya uongozi. Mzee wa namna hiyo asishangae kesho kijana akitumia ujuzi ule ule kutafuta pesa. Ni yeye aliyemfundisha.

Wazazi wapenzi, hatuwaambii mvunje simu za watoto. Tunawaambia mkae nao na kuwauliza mambo matatu. Kazi hii unaifanya kwa jina la nani? Anwani na kitambulisho unachotumia ni cha nani, na mwenyewe ameridhia akijua? Aliyekulipa akijua wewe ni nani hasa, bado atalipa? Majibu yakiwa safi, muombeeni dua aendelee. Yakiwa si safi, aache leo, afute programu za VPN asizojua zimetoka wapi, na laini zilizosajiliwa kwa majina ya ndugu zifungwe.

Nanyi vijana wetu, mna akili na mna subira ya kukaa na kazi usiku kucha. Itumieni kwa jina mlilopewa siku ya akika. Kidogo kinachopatikana kwa jina hilo kina baraka, na ndilo mtakaloitiwa Siku ya Kiyama. Siku hiyo hakuna proksi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.