Bi Harusi Naye Apewe Nafasi ya Kucheza



Leo nina maneno ambayo baadhi yenu mtayacheka na wengine mtanuna. Nasema hivi: bi harusi anayepelekwa mbali na kwao ana haki ya kuwa na mchezo wake wa kupumzisha akili, hata ukiwa gemu la kwenye simu, na tuache kumwita mtoto au mvivu kwa sababu hiyo. Kabla hamjaniandikia ujumbe mkali, nisomeni mpaka mwisho.

Mimi niliolewa Unguja. Fungate nikaikaa nyumbani kama ilivyo ada yetu, kisha mume wangu akanichukua Dodoma, ambako ndiko kazi yake ilipo. Serikali ilikata shauri la kuhamishia makao makuu huko tangu mwaka 1973, lakini kuhama kwa dhati kulianza 2016, na wengine wetu tumeolewa na watumishi waliohamia huko. Unapanda boti mpaka Dar es Salaam, unapanda treni ya umeme, na jioni umeshakuwa mwenyeji wa bara.

Somo wangu, Mungu amlipe kheri, alinifundisha mengi: udi, usafi, kauli njema, namna ya kumpokea mume na namna ya kuficha siri za nyumba. Jambo moja hakunifundisha. Hakuniambia nifanye nini tangu saa moja asubuhi mume anapotoka mpaka saa kumi na moja jioni anaporudi, katika mji ambao simjui mtu.

Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Upepo wake ni mkavu, midomo inapasuka, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi ambayo sisi wa kisiwani hatuijui. Majirani zangu wa Nkuhungu walikuwa wema, lakini wakizungumza wao kwa wao ni Kigogo, nami nabaki kutabasamu. Nilizoea kutoka kwetu na kanga yangu, nikapita baraza moja hadi nyingine, kila mlango naitwa kwa jina. Pale nilitoka mara mbili nikarudi ndani. Mwezi wa tatu nilipanga nguo zangu sandukuni. Sikumwambia mtu.

Siku hizo shemeji yangu, anayesoma chuo kikuu hapo hapo Dodoma, alikuja kula chakula cha usiku. Aliniona nimenyong'onyea, akachukua simu yangu akaniwekea gemu liitwalo Dandara. "Wifi yako analipenda sana hili, shemeji," akasema, "jaribu."

Nikajaribu. Nikamwona msichana mweusi mwenye nywele nyingi za kipilipili amesimama katika ulimwengu uitwao Chumvi. Nikatafuta pa kubonyeza ili atembee. Hakuna. Nikatafuta pa kubonyeza ili akimbie. Hakuna pia. Shemeji alicheka mpaka akakohoa, kisha akanieleza: Dandara hatembei kabisa. Unavuta kidole kuelekea mahali unapotaka aende, unaachia, naye anaruka kama mshale na kunata pale. Iwe sakafu, ukuta au dari, kwake ni mamoja, hana juu wala chini. Ila hawezi kutua popote tu, anatua penye rangi nyeupe peke yake. Ukiingia chumba kingine, huenda kikageuka, na palipokuwa sakafu pakawa ukuta. Kazi yako ni kuutafuta ulimwengu huo kipande kwa kipande, kurudi ulikopita ukiwa na uwezo mpya, na kufika kambini upumzike.

Wallahi, nilikasirika usiku ule. Nilitaka atembee! Baada ya siku chache nikagundua kwamba hasira ile haikuwa ya gemu. Nami nilikuwa nataka kutembea Dodoma kama nilivyotembea kwetu, taratibu, mlango kwa mlango, na njia hiyo haikuwepo. Pale ilibidi niruke. Na anayeruka hatazami umbali tu, anatazama kwanza pa kutua.

Basi nikaanza kutafuta sehemu zangu nyeupe. Ya kwanza ilikuwa Ijumaa: nilikwenda Msikiti wa Gaddafi, upande wa wanawake, na baada ya sala nikamsalimia mama aliyekaa pembeni yangu. Alikuwa mtu wa Kondoa, Mrangi, na darasa lake la Qur'ani la Jumamosi likawa langu. Ya pili ilikuwa Soko la Majengo, kwa mama mmoja Mgogo muuza mlenda, aliyenifundisha kuupika na kunicheka nilipoupika vibaya. Siku nilipomwandalia mume wangu mlenda ule alishika kijiko akanitazama kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Chumba kilikuwa kimegeuka!

Sikusema kwamba gemu ndilo lililookoa ndoa yangu. Mwokozi ni Mwenyezi Mungu. Nasema kwamba nilikuwa nimechoka kulia, na mchezo ule ulinipa nusu saa ya kutokulia, na katika nusu saa hiyo akili yangu ilipata kufikiri.

Kisha mavyaa akaja kututembelea kutoka Unguja. Akanikuta barazani nimeinamia simu. "Mwanangu," akamwambia mume wangu mbele yangu, "umeoa mke au umeoa mtoto?" Mume wangu alinyamaza. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko maneno ya mama, maana yeye kila usiku wa mpira yuko kibandani mpaka saa tano, na hakuna aliyewahi kuuliza kama nimeolewa na mume au na mtoto.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mwanamume akicheza, tunasema anapumzika. Mwanamke akicheza, tunasema hana kazi. Hukumu hii tumeitoa wapi? Si kwa Mtume wetu (s.a.w.). Tunasimuliwa kwamba Bi Aisha (r.a.) alikuwa na vikaragosi vyake nyumbani kwa Mtume, na miongoni mwavyo farasi mwenye mabawa mawili, na Mtume alipomuuliza habari za mabawa hayo alicheka kwa jibu lake. Tunasimuliwa pia kwamba walishindana mbio wakiwa safarini, akashinda Bi Aisha, na baadaye alipoongezeka mwili akashinda Mtume. Na alimsimamia akatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki mpaka akatosheka mwenyewe. Nyumba bora kuliko zote ilikuwa na mchezo na kicheko ndani yake.

Siwafichi kasoro. Dandara hajajisitiri kama sisi, kuna kupigana na maadui wa ajabu, na gemu lina muziki, kwa hiyo mimi nazima sauti. Na siku moja niling'ang'ania kuvuka chumba kimoja mpaka Magharibi ikakaribia kunipita, na mchuzi ukaungua. Kosa hilo lilikuwa langu. Tangu siku hiyo sichezi baada ya Alasiri, na simu haiingii chumbani. Mchezo unaokula sala au haki ya mtu si mapumziko tena.

Kuna jambo jingine lililonifanya niliheshimu gemu hili. Lilitoka Februari 2018, likiwa kazi ya studio ndogo ya Long Hat House ya mjini Belo Horizonte, Brazili, nao ni mji uliopangwa mbali na bahari ili uwe makao makuu ya jimbo, kama Dodoma ilivyopangwa kuwa ya nchi. Jina la msichana ni la Dandara wa Palmares, mwanamke anayekumbukwa kwa kupigania makazi ya watu waliotoroka utumwa, makazi ambayo jeshi la Wareno liliyavunja mwaka 1694. Maandiko juu yake ni machache, lakini mwaka 2019 Brazili iliandika jina lake katika kitabu cha mashujaa wa taifa.

Nami niko Ugogo, ambako misafara ilipita ikitoka Tabora kwenda Bagamoyo, na Mpwapwa ilikuwa kituo chake. Walipitishwa hapa wanawake waliofikishwa mpaka soko la watumwa la Unguja, lililofungwa 1873. Wao walivutwa kutoka bara kwenda kisiwani bila hiari yao. Mimi nimekuja kinyume cha njia yao, kwa nikaha, kwa mahari, kwa idhini ya ulimi wangu. Nikalikumbuka hilo kila nilipolitazama lile sanduku.

Kwa hiyo, bi harusi mtarajiwa, kabla ya nikaha muulize mchumba wako, kwa mlango wa wazee wako: nikibaki peke yangu mchana, nitafanya nini, na nitaruhusiwa kwenda wapi? Somo, lifundisheni hili pamoja na udi. Waume, mkeo akicheka na simu yake, kaa umuulize anacheza nini. Wangu alikaa, mwishowe. Aling'ang'ana robo saa akitafuta pa kubonyeza ili atembee, nami nikacheka mpaka nikakohoa.

Na mavyaa? Safari ya pili alikuja na tende. Simu hakuitaja, na kwangu hiyo inatosha.

Sanduku bado ninalo. Sasa natia ndani yake ubuyu wa Dodoma, wa kupeleka Unguja nikienda kuwasalimia.

Allah azitie baraka nyumba zenu, za karibu na za mbali. Amin.